Kishungi cheupe cha ukoo wetu

Siku ya saba baada ya mpwa wangu kuzaliwa, Septemba 2013, tulikusanyika nyumbani kwa mama, Mikindani, Mtwara, kwa ajili ya akika. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wanawake walikuwa uani wakikuna nazi, na mzee mmoja wa mtaa, ambaye sifa yake ni wepesi wa mkono, alikuwa amekaa mkekani akimnyoa mtoto kwa wembe mpya huku bibi yake amempakata. Nywele zilikuwa zikidondoka kwenye sahani nyeupe ya bati ili zipimwe na uzito wake utolewe sadaka ya fedha. Zilikuwa nyeusi tii mpaka wembe ulipofika juu ya paji la uso, na hapo zikaanza kudondoka nywele nyeupe pe, ambazo juu ya sahani ile hazikuonekana hata kidogo, mzee akainama kutazama kama ananyoa kitu au ananyoa hewa. Mama akaangua kicheko, akanigeukia, akasema: "Amekuja na hati ya mjomba wake."

Mjomba mwenyewe ni mimi. Nilizaliwa mwaka 1980 nikiwa na kishungi kama hicho, chenye upana wa vidole viwili, kinachoanzia mpakani mwa paji la uso na kurudi nyuma hadi karibu na utosi, na chini yake kuna kipande cha ngozi nyeupe kinachotosha kufunikwa na sarafu. Siku ile nilijiona nimetukuzwa. Tulikuwa watu zaidi ya thelathini pale uani, wakiwamo wakunga wawili wa zamani, na sote tulizitazama zile nywele tukaridhika nazo, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyetazama kitu kingine chochote. Ilituchukua karibu miaka mitano kufanya hivyo.

Niseme kwanza maisha ya kishungi chenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyotufanya tuamini kwamba tunakijua. Shule ya msingi niliitwa Babu, na watani wa ukoo wetu hawakuacha kunipa pole kila msiba kwa sababu njiwa amenikosea adabu kichwani. Hayo yalikuwa mepesi. Nilipoingia sekondari nilikutana na mwalimu wa nidhamu aliyeamini kwamba nimepaka rangi, kosa ambalo wakati ule lilikuwa na viboko vyake maalumu. Alinitaka ninyoe kipara, nikanyoa. Nywele za kichwa hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo wiki tatu baadaye mistari miwili ya rangi ilikuwa imesharudi, nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, naye akahitimisha kwamba ninajipaka rangi usiku bwenini. Ilibidi mama asafiri kuja kuapa mbele ya mkuu wa shule kwamba nilizaliwa hivyo.

Katika dawa nilizopakwa, ya kwanza ilikuwa ya mapunye. Mapunye ni ukungu wa ngozi ya kichwa ambao hukata nywele na kuacha viduara vyenye magamba meupe, na mtu anayepita njiani anaweza kuchanganya weupe wa magamba na weupe wa nywele, lakini aliyenipa dawa ile hakuwa mpita njia, alikuwa na koti jeupe na meza. Baadaye ulikuja wasiwasi wa ukoma, ambao huku kusini bado haujawa hadithi ya kale. Shangazi mmoja aliyewahi kuuguza mgonjwa wa ukoma ndiye aliyemaliza ubishi: alinifumba macho, akanigusa lile baka la paji kwa ncha ya pamba, na kila alipogusa nilisema "hapo". Baka la ukoma hupoteza hisia, na nywele zake huelekea kupukutika kuliko kubadilika zikawa nyeupe kama pamba. Nalisisitiza hili kwa sababu bado naona watu wakificha mabaka yasiyohisi kitu kwa aibu, ilhali dawa za ukoma hutolewa bure duniani kote tangu mwaka 1995, na mgonjwa akizianza mapema hapati kilema.

Kosa la mwisho nililifanya mwenyewe. Mwaka 2006, nikijiandaa kuoa, nilipaka piko. Wanaofahamu piko wanajua kwamba ule weusi wake hautoki kwenye majani ya hina bali kwenye kemikali ya rangi inayojulikana kwa kifupi kama PPD, ambayo baadhi ya miili huikataa kwa ghadhabu. Wangu ulikataa. Usiku wa kuamkia harusi kope zilikuwa zimevimba hata sioni vizuri, utosi ukitoa maji, na bwana harusi akaingia ukumbini na kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi. Mke wangu anasema aliolewa na kofia. Tangu siku hiyo nimekiacha kishungi kitembee wazi.

Madaktari huita hali hii poliosisi, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya mvi, na maana yake haizidi hiyo: ni fungu la nywele lililokosa rangi mahali pamoja, wakati zilizobaki zina rangi yake ya kawaida. Rangi ya unywele inaitwa melanini, nayo hutengenezwa na seli maalumu zinazokaa kwenye kifuko ambamo unywele unaota, zikiupaka rangi unywele kadiri unavyosukumwa juu. Pasipokuwa na seli hizo, unywele hutoka wenye afya na nguvu kama jirani zake, ila mweupe. Kwa hiyo poliosisi si ugonjwa mmoja wenye sababu moja. Ni alama inayoonyesha kwamba wapaka rangi hawapo pale, na swali la maana ni kwa nini hawapo: hawakufika tangu mwanzo, au walifika wakauawa, au wapo lakini wamezuiwa kufanya kazi.

Kwetu sisi hawakufika. Seli za rangi hazizaliwi kichwani. Mtoto akiwa bado kiinitete, seli hizo huanzia kwenye ukingo ulioko mgongoni mwake, pale ambapo uti wa mgongo unajengeka, kisha husafiri chini ya ngozi zikizunguka mwili pande zote mbili kuelekea mbele, na mahali zinapofika mwisho kabisa ni katikati ya paji la uso na katikati ya tumbo. Mtu wa Mtwara halielewi jambo hili kwa shida. Sisi tuliokuwa tukisafiri kutoka Dar es Salaam kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 tunajua maana ya kuwa mwisho wa barabara: basi likikwama kivukoni Rufiji, au likizama kwenye tope kati ya Ndundu na Somanga, Kibiti watapata mzigo wao kama kawaida, Kilwa watasubiri, na Mtwara haifiki chupa hata moja. Hata Mei 2024 mvua zilipoikata barabara eneo la Somanga tulikumbushwa. Paji la uso ndilo Mtwara ya mwili. Wasafiri wakiwa wachache au wakichelewa kuondoka, mahali patakapokosa ni pale pale.

Nilipoeleweshwa hivyo nilipata na jibu la uvumi uliomtesa mdogo wangu, mama wa mtoto. Wakati wa vurugu za gesi mjini Mtwara, Mei 2013, alikuwa na mimba ya miezi mitano na nyumba yake ilijaa moshi wa mabomu ya machozi. Mtoto alipozaliwa na kishungi, majirani walisema ni hofu ya siku ile iliyomchoma tumboni. Watu wa kila nchi wana hadithi ya namna hiyo, na Wafaransa wanasimulia kwamba nywele za malkia Marie Antoinette ziligeuka nyeupe usiku mmoja kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793. Ni kweli kwamba msongo mkali unaweza kuzimaliza seli za akiba za rangi, na jambo hilo lilionyeshwa kwa panya na watafiti wa Harvard mwaka 2020, lakini unywele ambao umeshaota hauwezi kugeuka mweupe kwa usiku mmoja. Na kwa mpwa wangu, safari ile ya seli hufanyika kwa sehemu kubwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo ya mimba. Mabomu yalipolia, mabasi yalikuwa yameshafika au yameshakwama.

Sasa nirudi kwa mtoto. Alikuwa mtulivu mno. Alilala adhana ikipigwa msikiti wa jirani, alilala ngoma za unyago zikipita dirishani, na kila aliyekuja kumwona alimsifu mama yake kwa kupata mtoto asiyesumbuliwa na kelele. Alipofika miaka miwili bila kutamka neno tuliambiwa wavulana huchelewa. Alipofika mitatu tuliambiwa ana udata, na akakatwa chini ya ulimi, udata ambao nina hakika hakuwa nao. Bibi yake, ambaye si mjinga, aliamua kumjaribu masikio: alisimama nyuma yake akaangusha kifuniko cha sufuria kwenye sakafu, mtoto akageuka, tukapumua. Jaribio la sufuria limewapotosha wazazi wengi. Mtoto asiyesikia husoma mtikisiko wa sakafu, upepo wa kiganja kinachopigwa karibu na shingo, kivuli ukutani, na zaidi ya yote sura za watu walioko mbele yake ambao wote wanatazama nyuma ya kichwa chake. Yule mtoto hakusikia sufuria. Alituona sisi.

Darasa la awali walimwita mkaidi. Aliwekwa dawati la nyuma, akachapwa kwa kutoitika jina lake wakati wa mahudhurio, na taarifa ikaja nyumbani kwamba ana akili lakini hataki kutii. Silitaji jina la shule hiyo, na kwa haki kabisa lazima niseme kwamba sisi nyumbani tulimchapa pia kwa kosa hilo hilo.

Aliyetufungua macho alikuwa mtu wa macho. Mwaka 2018 madaktari wa macho walikuja kufanya kliniki ya siku chache, nami nikampeleka mpwa wangu kwa sababu jicho lake la kushoto ni la buluu, buluu ya maji ya bahari ya Mikindani saa nne asubuhi, na la kulia ni la kahawia. Tulidhani haoni vizuri kwa jicho hilo. Daktari, mama wa makamo, alimpima, akasema macho yote mawili yanaona sawasawa. Kisha akakitazama kile kishungi, akachukua rula ya plastiki akapima umbali kati ya pembe za ndani za macho yake, akanitazama mimi, akapima na zangu bila kuniomba ruhusa, na ndipo akauliza: "Huyu mtoto anasikia?"

Mdogo wangu alijibu upesi: "Anasikia, ana ukaidi tu." Daktari hakubishana. Aliandika barua ya rufaa, akamkabidhi mkononi, akamshika na ule mkono.

Dar es Salaam walimlaza usingizi, wakambandika vidude kichwani, wakampigia sauti sikioni huku mashine ikisoma kama mshipa wa kusikia unaitikia. Mstari kwenye kioo ulibaki umelala, sikio la kulia na la kushoto, hata sauti ilipofikishwa kiwango cha injini ya ndege. Mtoto wetu alikuwa kiziwi tangu siku ya akika na kabla yake. Na kwa kuwa nilikuwa nimeketi pale na kishungi changu, mpimaji akaniambia: "Na wewe mjomba, hamia kwenye kiti." Nilikuwa na umri wa miaka 38. Sikio langu la kulia linasikia kidogo sana, na limekuwa hivyo tangu nizaliwe. Ghafla nikaelewa kwa nini nililalia upande wa kushoto usiku wa kelele, kwa nini mke wangu hutembea kushoto kwangu bila sisi wenyewe kujua sababu, na kwa nini katika chama cha msingi ninakofanya kazi ya ukarani, msimu wa korosho, wapagazi wanaosimama kulia kwa mizani hunituhumu kwamba naandika kilo za uongo.

Hali yetu ina jina la mtu aliyeieleza. Petrus Johannes Waardenburg alikuwa daktari wa macho wa Uholanzi, na mwaka 1951 alichapisha maelezo ya watu wenye mkusanyiko wa alama ambazo kwa macho ya kawaida hazihusiani: kishungi cheupe juu ya paji, macho yenye rangi mbili tofauti au ya buluu angavu, pembe za ndani za macho zilizoachana kuliko kawaida, na uziwi wa kuzaliwa. Hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 40,000, katika mataifa yote. Kinachoziunganisha alama hizo ni ile safari. Seli zile zile zinazopaka nywele rangi huenda pia machoni, na huenda sikio la ndani, katika ukuta wa ile koklea iliyojikunja kama konokono, ambako hazina kazi ya urembo kabisa: zinasaidia kuyatunza maji ya koklea yawe na kiwango cha potasiamu kinachoiwezesha mishipa ya kusikia kufanya kazi. Zisipofika huko, sikio huwa na kila kitu isipokuwa umeme. Charles Darwin aliandika katika karne ya kumi na tisa kwamba paka weupe wenye macho ya buluu kwa kawaida huwa viziwi, na wakati ule hakuna aliyejua sababu. Nikasoma hilo nikamkumbuka paka mweupe wa jirani yetu, ambaye watoto walimwita Haambiliki.

Si kila mwenye hali hii anakuwa kiziwi. Wapo wanaopata nywele tu, wapo wanaopata sikio moja, wapo wanaopata yote, na wanaweza kuwa wa tumbo moja. Ndicho kilichotudanganya. Niliporudi Mikindani nilikaa na mama jioni tatu mfululizo, tukahesabu watu. Mama mwenyewe hakuzaliwa na kishungi, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi kabla hajafika miaka thelathini, na mvi za mapema ni mojawapo ya sura za hali hii. Mdogo wangu hana unywele mweupe hata mmoja, ila ana yale macho yaliyoachana ambayo kwetu husifiwa kama uzuri wa ukoo, na wachumba wameyaimbia. Kisha mama akanyamaza kidogo, akamtaja mjomba wake.

Mjomba huyo alifariki kabla sijazaliwa. Aliitwa Bubu, na sikuwahi kusikia jina lake jingine. Alikuwa mvuvi, alikuwa na nywele nyeupe mbele ya kichwa, na ilisemekana jini wa baharini alimpitishia mkono usoni alipokuwa mtoto, akachukua rangi ya nywele na sauti kwa mpigo mmoja. Nimeitafakari sana hadithi hiyo. Waliotunga uongo ule waliona ukweli mmoja ambao mtu wa koti jeupe hakuuona kwangu wala kwa mpwa wangu: kwamba nywele na ukimya ni kazi ya mkono mmoja. Walikosea jina la mwenye mkono tu. Sisi wasomi wa baadaye tuliikataa hadithi ya jini, na katika kuikataa tukatupa na ile hoja iliyokuwamo.

Kuna jambo jingine ambalo ukoo ulikosea, na hili limetuletea vicheko. Kwetu Wamakonde mtoto hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye usemi. Kwa hiyo tangu enzi za Bibi ilijulikana kwamba kishungi ni mali ya ukoo wetu na hupita kwa wanawake. Lakini jeni haijui utaratibu wa ukoo. Aina ya kwanza ya hali hii, ambayo hutambulika kwa macho yaliyoachana, husababishwa na hitilafu katika jeni inayoitwa PAX3, iliyopo kwenye kromosomu ya 2. Nakala moja yenye hitilafu inatosha, na mzazi aliye nayo, awe baba au mama, anaweza kumpa kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, na sarafu haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Mke wangu ni Mmwera wa Nachingwea, na kwao pia mtoto ni wa upande wa mama. Binti yetu alipozaliwa mwaka 2019 na kishungi cheupe, wazee wa huko walikuja kumtazama, wakakaa kimya kwa heshima, hatimaye mmoja akauliza: "Baba, mtoto wetu imekuwaje akavaa alama ya kwenu?" Sikuwa na jibu la kimila.

Safari hii, hata hivyo, hatukungoja. Mtoto mchanga anapaswa kupimwa masikio ndani ya mwezi wa kwanza, na anayefikiriwa kuwa na tatizo la kusikia athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, kwa sababu ubongo hujenga lugha mapema sana, na lugha hiyo inaweza kuwa ya sauti au ya mikono, mradi iwepo. Nilimpeleka Dar es Salaam akiwa na wiki tano. Kipimo cha kwanza hakimwamshi hata mtoto: kifaa kidogo huwekwa mlangoni mwa sikio, hutoa mlio mdogo, kisha husikiliza mwangwi ambao sikio la ndani lenye afya huurudisha lenyewe. Mimi na mke wangu tulisimama tukitazama taa ya kile kifaa. Upande wa kulia mwangwi ulirudi. Upande wa kushoto ulirudi.

Nimeandikiwa na wasomaji wanaojitazama kwenye kioo na kuona fungu jeupe ambalo halikuwapo mwaka jana, na kwao maelezo ni mengine. Mbalanga huja pale kinga ya mwili inapozigeukia seli za rangi na kuziua, na baka lake likiota nywele nyeupe, ngozi hiyo ni ngumu zaidi kurudisha rangi, maana akiba ya seli hukaa kwenye vifuko vya nywele. Mtu aliyenyonyoka nywele kwa viduara laini visivyo na magamba anaweza kuziona zikirudi nyeupe kwanza na kupata rangi baadaye. Wapo wenye kishungi cha kuzaliwa na mabaka meupe tumboni na miguuni, wasio na tatizo la masikio, ambao jeni yao ni nyingine, iitwayo KIT. Ambao ningewahimiza wasikae nyumbani ni wawili: mtu mzima ambaye macho yamekuwa mekundu na yenye maumivu, kichwa kinamuuma na masikio yanavuma, halafu kope au nywele zinaanza kuwa nyeupe, kwa sababu jicho linaweza kupotea; na mtoto mwenye kishungi cheupe anayepata degedege bila homa, kwa sababu kuna ugonjwa wa vivimbe vya ubongo unaoweza kujitangaza kwa njia hiyo. Na katika koo kama zetu, kichanga kinachopitisha siku mbili bila kupata choo huku tumbo likivimba kipelekwe hospitali mara moja. Mishipa ya fahamu ya utumbo nayo hutoka kwenye ukingo ule ule wa mgongoni, nayo yaweza kukwama njiani.

Nywele zenyewe hazihitaji dawa, na hakuna dawa. Nalisema waziwazi kwa sababu huku kwetu zinauzwa.

Mpwa wangu alipogundulika, upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia ulikuwa umeshaanza Muhimbili tangu mwaka 2017, lakini alikaribia miaka mitano, na wataalamu walitueleza bila kutuficha kwamba kadiri umri unavyokwenda bila lugha yoyote ndivyo faida ya kifaa inavyopungua. Shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, lilimpa mngurumo na si maneno. Mdogo wangu alilia kwa mwezi mmoja, kisha akakata shauri, akampeleka shule ya wanafunzi viziwi, na yeye mwenyewe akaanza kujifunza Lugha ya Alama. Mtoto yule mtulivu alirudi likizo ya kwanza akiwa msemaji kupita wote nyumbani. Miaka mitano ya maneno ilikuwa imemjaa, ikamtoka mikononi kwa fujo, na bibi yake, ambaye hakuelewa hata moja, alikaa akimjibu "ee, baba, ee" hadi taa ikazimwa.

Sasa ana miaka kumi na miwili na amechoka na ulegevu wa vidole vyangu. Viziwi hawaiti mtu kwa kutaja herufi za jina lake kila mara. Humpa alama yake, na alama hiyo hupewa na wenzake. Yeye shuleni alipewa siku ya kwanza: vidole viwili vinavyovutwa kutoka paji la uso kwenda utosini. Likizo iliyopita nilimwuliza, kwa mkono wangu mzito, mimi huko shuleni anawasimulia wenzake kwa alama gani. Akavuta vidole viwili kutoka paji la uso kwenda utosini, kama vyake, kisha akaushusha mkono akachora mbele yake tumbo kubwa la mviringo.